Chanjo za mtoto wa mbwa nyumbani, Dar es Salaam: huduma nzuri, ila kagua boksi kwanza

Kwa mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, tunapendekeza daktari wa mifugo anayekuja nyumbani kuliko kliniki, na sababu kubwa ni parvo, ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaoua watoto wa mbwa. Kirusi chake hudumu kwenye udongo na sakafuni kwa miezi mingi, sabuni ya kawaida haikiui, na mtoto wa mbwa anayesubiri zamu chini ya benchi hulamba kila kitu. Ukilazimika kwenda kliniki, mbebe kuanzia getini hadi mezani. Daktari naye anaweza kukibeba kwenye viatu, hasa akitoka kwa mgonjwa. Mwekee mlangoni beseni la maji yenye jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, akanyage kabla ya kuingia.

Huduma yenyewe hupimwa kwenye boksi la barafu. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Bodaboda kutoka Kariakoo hadi Mbezi mchana wa Februari, na foleni ya Ubungo katikati, si safari ya kubeba kichupa kwenye begi la mgongoni. Mwombe afungue boksi mbele yako: barafu iwe bado imeganda, kipimajoto kiwemo, na chanjo zitenganishwe na barafu kwa kitambaa au karatasi, kwa sababu chanjo ya kichaa cha mbwa ikiganda nayo imeharibika. Aliyekuja bila boksi arudi, hata kama ni mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Chanjo ya mchanganyiko (distempa, yaani ugonjwa wa kirusi unaoshambulia mapafu na mishipa ya fahamu, homa ya ini, na parvo) huja na vichupa viwili, kimoja cha unga mkavu ulioshikana kama kidonge, kingine cha maji yake. Vichanganywe hapo hapo ukiona. Sindano ikitoboa kizibo cha unga, maji huvutwa ndani yenyewe. Yasipovutwa, kichupa kimeshaingia hewa, na ni busara kuomba kingine. Kisha kizungushwe taratibu, na dawa ichomwe ndani ya nusu saa. Tazama ngozi iliyovutwa juu ya mabega: manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili na dozi imemwagika. Irudiwe. Kichupa cha dozi moja ni cha mbwa mmoja. Kuwagawia watoto wawili kwa sababu ni wadogo ni kuwanyima wote wawili, maana dozi ya chanjo haipimwi kwa uzito.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ratiba. Dozi ya kwanza huchomwa wiki ya 6 hadi ya 8, halafu kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Watu wengi huishia ya pili, kisha parvo ikiingia wanalaumu chanjo. Ukweli ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama yake huizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa macho itaisha wiki gani; kwa mmoja huisha wiki ya 8, kwa mwingine ya 14. Kwa hiyo dozi ya wiki 16 ndiyo tusiyokubali irukwe. Daktari mzuri hukupigia simu kuikumbusha.

Kichaa cha mbwa huchanjwa akifikisha wiki 12, kisha baada ya mwaka. Ya leptospira, yaani homa ya mgunda, ni dozi mbili zenye nafasi ya wiki 2 hadi 4, halafu kila mwaka. Kwa nyumba yenye panya, au ya bondeni kama Jangwani ambako Msimbazi hufurika, tunaiona ya lazima, kwa kuwa ugonjwa huo humpata binadamu pia.

Kabla ya sindano apimwe joto. Likizidi 39.2, au akiharisha, chanjo isubiri. Baada ya sindano daktari akae nusu saa. Uso ukivimba, akitapika mfululizo au fizi zikipauka, atibiwe papo hapo. Kulala sana siku moja au kauvimbe kadogo pale alipochomwa ni kawaida.

Asiondoke kabla ya kubandika kwenye kadi stika za vichupa vyote, zenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na kusaini. Kadi yenye neno "chanjo" na muhuri tu haimwambii daktari wa zamu ijayo ni dozi gani iliyobaki.