Mrija gani ununue ikiwa unauosha kwa mkono mmoja

Mama mmoja wa Kakamega ameniandikia kwa hasira. Mwanawe ana mtindio wa ubongo. Alimnunulia mrija wa chuma kwa sababu muuzaji alimhakikishia kwamba hauchafui mazingira. Taya la kijana likakaza, jino likameguka. Si wa kwanza kunilalamikia, basi leo tuipange hii mirija.

Rangi na urefu utasoma kwenye tangazo. Mimi nauliza jambo moja: ndani utaoshwaje? Mkono wangu wa kulia upo tu, haufanyi kazi. Brashi nyembamba wanayouza pamoja na mrija inadai mikono miwili, mmoja ushike, mwingine usukume. Na hapa Nakuru hatunywi maji ya limau kama watu wa kwenye picha. Tunakunywa chai ya maziwa, uji wa wimbi, na kwetu nyumbani mursik, yale maziwa yaliyochachuka. Mabaki yakilala humo usiku kucha, asubuhi hutaki kuuweka mdomoni.

Wa kwanza kwangu ni wa silikoni, hasa wa kampuni ya GoSili. Napendelea wazi na sioni haya. Dada yangu hunitafutia kupitia jamaa walio Marekani. Naubana kwa vidole chini ya bomba, nateremsha, uchafu unatoka kama dawa ya meno. Kisha nautia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maana silikoni haiogopi joto hilo. Hata chai ikiwa moto, mrija wenyewe hauunguzi midomo. Mpwa wangu mwenye usonji, ambaye chuma kikigonga glasi hufunika masikio na kuondoka mezani, huu anautumia bila shida. Kasoro zake: hunasa vumbi na nyuzi, na anayeng'ata sana anaweza kukata kipande, kwa hivyo ukaguliwe kila mara. Chukua mpana, mwembamba hauwezi uji.

Wa glasi unaonyesha uchafu wote, nao ni mzuri kwa mtu ambaye taya na mikono yake imetulia. Mwingine asiuguse.

Wa mwanzi ni rahisi na unaoza ukitupwa. Lakini ndani ni giza, huoni kilichobaki, na usipokauka vizuri unaota ukungu. (Wazee wa busaa, pombe ya nafaka, kule magharibi wamenyonya kwa mirija mirefu tangu zamani, Wajaluo wakiiita oseke, kwa hivyo asije mtu kutuambia mrija ni anasa ya wazungu.) Wa karatasi unalainika kabla chai haijapoa.

Chuma naweka mwisho. Mwaka 2018 huko Uingereza mwanamke mwenye ulemavu alianguka akiwa ameshika kikombe chenye mrija wa chuma, ukamwingia jichoni, akafa. Bado ndio unaosifiwa zaidi madukani.

Ule unaokunjika Joseph Friedman aliupatia hataza Marekani mwaka 1937, wakati huo ukiwa wa karatasi, na hospitali ndizo zilizouziwa kwanza, kwa wagonjwa wanaokunywa wakiwa wamelala. England ilipopiga marufuku mrija wa plastiki Oktoba 2020, iliwaachia wenye ulemavu njia ya kuupata. Kwetu, tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii kwenye mbuga na hifadhi, kwa hivyo ukienda Ziwa Nakuru beba wako wa silikoni.

Sasa wauzaji. Neno "kijani" likibandikwa kwenye kifurushi, bei inapanda. Duka moja hapa mjini lilikataa kuniuzia mrija mmoja mpana. Ama nichukue pakiti nzima, na brashi yake nisiyoweza kuitumia, ama niache. Nilipouliza kwa nini, muuzaji alimjibu dada yangu. Mimi ndiye niliyeshika pesa.

Ukijua duka la Kisumu au Eldoret linalouza mipana ya silikoni mmoja mmoja, niandikie, na uniambie bei.