Rangi ya kupuliza kwenye mito ya boti: uzoefu wangu Shimoni

Mito ya kuketia ya boti yangu ilikuwa ya kijani kilichokoza. Jua likaila. Juu ilififia ikabaki manjano chafu, mbavuni kijani kikabaki kama kilivyokuwa, na kwenye mishono kulijaa madoa ya losheni ya wageni tunaowapeleka Kisite, kwenye hifadhi ya bahari. Boti yenyewe nzima na injini haina neno, lakini mgeni haketi kwenye injini. Anaketi kwenye mto, na mto ukiwa mchafu kwa macho anaona boti yote ni chafu. Kuvalisha mito yote kumi upya nilitajiwa shilingi 32,000, leza (ngozi bandia) pamoja na kazi, na msimu wa masika huwa hauna wageni wa kuleta pesa hizo.

Nikachagua rangi ya kupuliza ya leza na vitambaa, ile ya makopo inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari Mombasa. Kopo nililipata kwa shilingi 1,800. Mito imeshapita msimu mzima baharini, na naipendekeza rangi hii kwa mwenye boti yeyote ambaye leza yake bado ni laini.

Ulaini ndio kila kitu. Leza tunayotumia kwenye boti si ngozi, ni plastiki ya PVC iliyotiwa vilainishi ili ikunjike. Jua na joto huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo, na vikiisha leza inakakamaa na kupasuka. Rangi inabadilisha sura, hairudishi ulaini. Kabla ya kutoa pesa nilipeleka mito yangu kwa fundi wa viti vya matatu huko Ukunda. Aliibonyeza mmoja mmoja, akakunja kona kwa vidole, akaitenga miwili. "Nahodha, hii imekufa. Ukiipaka rangi umeitupa pesa yako baharini. Hii minane nenda nayo."

Alinipa pia kipande cha leza kuukuu nikakifanyia jaribio. Nusu nilipuliza rangi ya kawaida ya mabati, nusu hii ya leza, nikakiacha juu ya banda kikapigwa na jua. Nilipokikunja, rangi ya mabati ilivunjika ikadondoka magamba. Ya leza ilikunjika pamoja na plastiki yake bila hata ufa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia rangi zote za kupuliza ni moja, usimsikilize.

Kazi kubwa iko kwenye usafi. Nilianza kwa maji matamu mengi, kwa sababu chumvi iliyobaki kwenye mshono huvuta unyevu na rangi haitashika hapo. Kisha maji ya vuguvugu yenye sabuni, na brashi laini ya kuingia kwenye paipini, ule mkanda wa mviringo ulioshonwa ukingoni mwa mto. Ukungu mweusi niliutoa kwa siki nyeupe. Wengi hapa wanamimina jiki, lakini jiki kali inakula uzi, na mshono ukiachia hakuna rangi ya kukusaidia. Mito ikishakauka nilifuta kila mmoja kwa kitambaa cheupe chenye spiriti, nikawa nabadilisha kitambaa mpaka kikawa kinatoka safi. Hapo ndipo losheni ya jua inapotoka, na ile polishi ya dashibodi ambayo mabaharia wetu wanapenda kuipaka ili mto ung'ae. Polishi nyingi za aina hiyo zina silikoni. Rangi ikikuta silikoni inakimbia na kuacha vishimo vidogo vidogo kama macho, na kuvifuta ni kuanza upya.

Sponji iache ndani ili leza ivutike vizuri, ila hakikisha imekauka kabisa. Niliifungua zipu mito yote nikaisimamisha juani. Sponji yenye maji itakungoja upulize, kisha itatoa maji kupitia mshono.

Na hali ya hewa ya pwani ina mambo yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi hizi hukauka na utando mweupe kama moshi. Nilingoja siku isiyo na mvua, umande ukiwa umeshaondoka, nikapuliza kivulini asubuhi kabla upepo wa kusi haujashika nguvu. Tabaka ziwe nyembamba. La kwanza liache kijani kionekane, usiharakishe kukifunika, kitafunikwa na la pili na la tatu. Ukipuliza nzito unapata ganda, na ganda ndilo linalopasuka. Vaa barakoa na kaa mbali na jiko, mvuke wake unashika moto haraka.

Kuhusu rangi yenyewe, vijana wangu walitaka buluu iliyokoza. Nilikataa. Sisi tuko karibu na ikweta, na mto wa rangi nzito ukikaa juani saa sita mchana humchoma mgeni aliyevaa nguo ya kuogelea. Nilichukua kijivu cheupecheupe. Kinaficha chumvi, hakiumizi macho, na mgeni anaketi bila kuruka.

Ile miwili iliyokufa fundi aliivalisha leza mpya kwa shilingi 6,400. Kazi yake nimeipenda sana. Alitumia uzi wa poliesta bila kuambiwa, maana wa pamba unaoza upesi kwa jua na chumvi. Kijivu cha leza yake na kijivu cha kopo havilingani sawasawa, basi hiyo miwili nimeiweka tezi, nyuma ya boti, pamoja, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Baada ya msimu, sehemu za kuketia ziko vizuri. Nilisugua kwa leso nyeupe iliyolowa, rangi haikuchuja hata kidogo. Palipolika ni ukingo wa mito miwili iliyo karibu na ngazi, ambapo watu wanapanda kutoka majini na mchanga miguuni. Pale kijani kimeanza kuchungulia. Mchanga unasugua kama msasa, sidhani kuna rangi ya bei hii itakayouzuia.

Wenye mito ya kitambaa wasikimbilie rangi za nguo za kuchemsha. Hizo hushika pamba. Poliesta huzikataa, na turubai za akriliki kama Sunbrella hutiwa rangi ndani ya nyuzi kabla hazijasokotwa, ndiyo maana hazipauki upesi na ndiyo maana pia hazikubali rangi nyingine ya kuchovya. Rangi ya kupuliza itashika juu yake, lakini kitambaa kitakuwa kigumu kikikwaruza mapaja. Kwa boti ya wageni nisingefanya hivyo, ningeshona foronya za juu tu.

Makopo manne yalinitosha mito minane, juu na mbavuni. Chini sikupaka, hakuna anayepaona. La tano nimeliweka akiba. Pamoja na fundi, spiriti, siki na barakoa, jumla ilikuwa shilingi 16,300. Ukingo wa ngazini nitaurudia kwa hilo kopo la akiba kabla kaskazi haijaanza na wageni hawajajaa.