Kifurushi cha Leh, Nubra na Pangong: Kinunue, Lakini Kipangue Kwanza

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo bidhaa iliyo mezani haina boksi la kufungua. Ni kifurushi cha safari cha Ladakh, kule kaskazini kabisa mwa India: Leh, Bonde la Nubra na ziwa la Pangong. Ukitafuta safari ya Ladakh mtandaoni, hiki ndicho utakachouziwa. Mawakala tofauti, bei tofauti, ratiba ileile: unatua Leh, unalala usiku mmoja, kesho yake unavuka mlima kwenda Nubra, unalala usiku mmoja, unakwenda Pangong usiku mmoja, unarudi Leh, ndege. Picha zinavutia, hoteli zina nyota, chakula cha asubuhi na cha usiku kimo ndani ya bei.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asisubiri: nendeni. Ila kwa mpangilio huo, hapana. Mnalipia nyota za hoteli, wakati kinachoamua kama mtafurahia safari ni vimo vya vitanda vyenu, yaani leo unalala mita ngapi juu ya bahari na kesho ngapi.

Tazameni namba. Delhi iko kidogo tu juu ya mita 200. Ndege inaruka saa moja na nusu hivi, inakutua Leh, mita 3,500. Hewa ya Leh ina asilimia 21 ya oksijeni kama hewa ya pwani, lakini mgandamizo wake umeshuka hadi karibu theluthi mbili. Kila unapovuta pumzi unapata kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Mwili hujirekebisha, unapumua kwa kasi zaidi, figo nazo zinafanya kazi yake, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa, haiishi kwa usiku mmoja. Na usidhani mazoezi ya jimu yatakuokoa. Vijana wenye vifua vipana huanguka kama wengine, tena wao ndio hukimbilia ngazi siku ya kwanza.

Madaktari wa milimani wana kanuni inayokubalika sana: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali unapolala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupanda. Sasa iweke kanuni hiyo juu ya kifurushi chetu. Kutoka Delhi hadi Leh umeshaivunja hata kabla ya kupokea begi lako. Basi angalau lipa deni hilo kwa kulala Leh usiku mbili kamili, na mimi napendelea tatu, kabla ya kwenda popote.

Halafu Nubra. Hapa kuna jambo zuri ambalo mawakala wengi hawalielezi. Nubra iko chini kuliko Leh! Diskit, mji mkuu wa bonde, uko kama mita 3,150. Kijiji cha Hunder kiko hapo jirani, na Turtuk, karibu na mwisho wa bonde, ni karibu mita 3,000. Kwa hiyo kulala Nubra ni nafuu kwa mwili. Taabu ni njia, maana lazima uvuke Khardung La, barabara inayopita juu ya mlima, mita 5,359. Kwa miaka mingi kibao cha pale juu kilidai kimo cha mita 5,602 na kuiita barabara ya magari iliyo juu kuliko zote duniani. Vipimo vya kisasa vimeshakanusha, lakini foleni ya kupiga picha haipungui. Piga yako, shuka ndani ya dakika 15 au 20. Pakiti ya krispi uliyonunua Leh itakuwa imevimba imekaza kama mpira, na dawa ya meno ukiifungua itakutemea mkononi. Ukiona hivyo utaelewa mwili nao unapitia nini.

Kasoro kubwa ya kifurushi iko Pangong. Ziwa liko zaidi ya mita 4,200. Ukitoka Hunder asubuhi na kulala Pangong jioni, kitanda kimepanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, mara mbili ya kanuni. Ndiyo maana kwenye zile kambi za kando ya ziwa usiku unasikia watu wanakohoa, wanatoka nje, wanauliza mtungi wa oksijeni uko wapi. Ziwa lenyewe sina ugomvi nalo. Lina urefu wa kilomita kama 134, sehemu kubwa iko upande wa China, maji yake ni ya chumvi na bado wakati wa baridi huganda. Rangi inabadilika kila wingu linapopita. Lakini unaweza kuliona kwa safari ya kutwa kutoka Leh kupitia Chang La, njia nyingine ya kuvuka mlima, mkishakuwa na siku kadhaa milimani. Ni siku ndefu, saa tano hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mgongo utalalamika. Mtu anayetaka jua la asubuhi ziwani na alale Tangtse, kijiji kilicho chini kidogo ya ziwa, apandie hapo alfajiri. Mimi ningechukua ule usiku wa Pangong niuhamishie Nubra.

Tuingie hotelini sasa. Kwenye bonde kama hili nyota hazikuambii kitu. Nimeona chumba chenye zulia zito, pazia la hariri na televisheni ya ukutani, maji ya moto yanatoka kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine jioni, basi. Na nyumba ya familia pale Hunder, hakuna hata mapokezi, mama mwenye nyumba analeta ndoo ya maji yanayotoa mvuke mlangoni kabla hujaomba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, waandikie maswali ya maana. Maji ya moto ni saa ngapi, yanatoka kwenye bomba au kwa ndoo? Yanapashwa kwa jua au umeme? Kama ni jua, oga jioni, asubuhi tangi limepoa. Umeme ukikatika, jenereta linawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi? Vijijini Nubra si ajabu likazimwa usiku, na kama hujachaji simu wala pawabenki, kesho utapiga picha kwa macho. Chumbani kuna hita, na inatozwa pembeni? Hili la hita limeniudhi sehemu moja ambayo siitaji: tangazo linasema chumba kina joto, ukifika unaambiwa hita ipo, ila kwa malipo ya kila usiku.

Swali ambalo watu husahau ni la ngazi. Hoteli nyingi za Leh ni za ghorofa tatu na hazina lifti. Siku ya kwanza, ghorofa moja na begi mkononi inatosha kukukalisha chini ukihema. Omba chumba cha chini, na choo kiwe ndani, kisiwe ua wa pili. Sababu ya choo ni kwamba mwili unaozoea kimo hukojoa sana, na ukiwa unameza acetazolamide ndiyo kabisa. Dawa hiyo ndiyo hutumika sana kuzuia ugonjwa wa mwinuko, yaani ule wa mwili kushindwa kuzoea kimo, dozi ya kawaida kwa mtu mzima ikiwa miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaleta ganzi ya kuchomachoma vidoleni na soda inakuwa na ladha mbaya. Lakini muone daktari wako kabla hujasafiri, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usiinunue kwa kuambiwa na mimi.

Na uulize kama wana mtungi wa oksijeni na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa kukatikatika, hamu ya chakula kupungua, hayo ni ya wengi usiku wa kwanza. Usiku unaweza hata kumsikia mwenzako anaacha kupumua sekunde chache kisha anavuta kwa nguvu. Inatisha lakini kule juu ni kawaida. Kisicho kawaida ni mtu anayepepesuka kama mlevi, aliyechanganyikiwa, au anayehema hata akiwa amekaa na kifua kinakoroma. Huyo hasubiri asubuhi, anashushwa usiku huohuo na kupelekwa hospitali. Pombe na vidonge vya usingizi viacheni siku za mwanzo.

Basi siku za kuzoea Leh mtafanya nini? Siku ya kwanza, kulala na kunywa chai. Sitanii. Ya pili, tembeeni taratibu soko kuu, mle bakuli la thukpa, ile supu ya tambi. Jumba la kifalme la ghorofa tisa, la karne ya 17, linaonekana toka pale juu ya mji. Gari linafika karibu. Shanti Stupa, jengo jeupe la Kibuddha juu ya kilima, ina ngazi kama 500, pandeni kwa teksi. Siku ya tatu nendeni Thiksey, kilomita 19 hivi kutoka mjini, nyumba ya watawa iliyoshuka kilimani tabaka kwa tabaka kama ghorofa 12. Fikeni mapema mkute sala ya asubuhi. Ndani kuna Maitreya, Buddha ajaye, sanamu ya mita 15 inayokaa orofa mbili. Unamtazama usoni ukiwa juu, miguu yake iko chini ya sakafu uliyosimama.

Nubra yenyewe ndiyo inayostahili pesa yenu. Ukishuka kutoka Khardung La, milima ni mikavu, haina jani, halafu chini unaona mto Shyok umejigawa vijito vingi juu ya mchanga mweupe, na pembeni vipande vya kijani ambavyo ndivyo vijiji. Diskit kuna nyumba ya watawa ya karne ya 14, na chini yake Maitreya mwingine wa mita 32 anayetazama bondeni. Hunder kuna matuta ya mchanga na ngamia wa nundu mbili. Wazee wa ngamia hawa walibeba mizigo ya biashara kati ya Leh na Yarkand, mji ulio China, hadi mpaka ulipofungwa katikati ya karne ya 20. Leo wanabeba watalii kwa dakika chache, foleni ndefu, pua kwa mkia. Mimi naona si lazima. Subirini jua lishuke, foleni iishe, mtembee kwa miguu nyuma ya matuta.

Na usiku ule tuliouokoa Pangong, ulaleni Turtuk. Kijiji hiki kilikuwa upande wa Pakistan hadi vita vya Desemba 1971, kikabaki India, na wageni wakaanza kuruhusiwa 2010. Wenyeji ni Wabalti, Waislamu, chakula chao na nyumba zao si sawa na za Leh. Unapita vichochoro vya mawe, mfereji wa maji unakimbia kando ya mguu wako, juu matawi ya aprikoti, na ukienda Julai au Agosti zimeanikwa juu ya mapaa. Waombe wakuonyeshe vibanda vyao vya mawe vya kuhifadhia maziwa na siagi. Hewa baridi inapenya kutoka chini ya miamba, ukiingiza mkono unahisi umefungua friji. Chumba chako kitakuwa cha kawaida sana. Niamini, hutakumbuka nyota.

Mambo ya makaratasi, haraka haraka. Mgeni asiye raia wa India anahitaji kibali maalumu cha kuingia Nubra na Pangong, na ombi linapitia wakala aliyesajiliwa. Hakikisha majina ya maeneo yote unayotaka kulala yameandikwa, Turtuk ikiwemo, kisha toa nakala nyingi, maana kila kizuizi kinataka yake. Laini za simu za kuweka vocha ulizosajili kwingine India hazifanyi kazi Ladakh, zinazoshika ni za kulipa bili mwisho wa mwezi, kwa hiyo pakua ramani kabla na tegemea waifai ya hoteli kadiri itakavyokubali. Simu ya setilaiti usithubutu kubeba India bila kibali, watu wamekamatwa. Pesa taslimu za rupia zitoeni Leh, msitegemee mashine za bondeni. Teksi zina bei zilizopangwa na chama chao, kwa hiyo ule mtindo wa kubishana bei ufunge begini. Losheni ya jua na miwani ni lazima hata kukiwa na baridi.

Msimu ni Mei hadi Septemba. Wakati wa baridi mabomba huganda na hoteli nyingi hufungwa.

La mwisho ni ndege ya kurudi. Leh ndege huruka zaidi asubuhi kwa sababu ya upepo na hewa ya mchana, na hali ya hewa ikichafuka safari inafutwa, inasogezwa kesho. Kwa hiyo ukikata tiketi ya kimataifa, usiiweke siku ileile ya kutoka Leh hata kama wakala anakuapia. Weka usiku mmoja Delhi katikati, hoteli yoyote ya karibu na uwanja, ghorofa yoyote utakayo.