Hamira ya SK1: haraka kwa spora, kero kwa kugandamana

SK1 ni uzao wa hamira wa maabara. Kwa kutoa spora (seli ngumu za uzazi), inaiacha mbali S288C, uzao ambao maabara nyingi hutumia. Ndani ya asetati ya potasiamu, mmumunyo unaoishindisha hamira njaa, zaidi ya asilimia 80 ya seli za SK1 huwa na spora kufikia saa 24. S288C huchukua siku kadhaa, na hata hapo seli nyingi hubaki tupu. Mwaka 2005 Deutschbauer na Davis walionyesha kuwa sehemu kubwa ya pengo hilo hutokana na tofauti ndogo katika jeni za RME1, TAO3 na MKT1.

RME1 ndiyo breki. Katika haploidi (seli yenye seti moja ya kromosomu), iwe ya jinsia a (MATa) au α (MATα), huizuia IME1, jeni inayoanzisha meiosisi, yaani mgawanyiko unaozaa spora. Diploidi (seli yenye seti mbili) iliyo na MAT zote mbili huunda a1 na α2, na protini hizo zikishikana huifunga RME1. Ndiyo maana diploidi ya a/a haitoi spora hata uishindishe njaa.

Kabla ya kuagiza uzao, soma jenotaipu (orodha ya jeni zake zilizobadilishwa) na uhakikishe imeandikwa ho::LYS2, yaani jeni ya HO imevunjwa kwa kuingizwa LYS2. Hili usilipuuze. SK1 ya asili ina HO nzima, kimeng'enya kinachokata MAT ili nakala ya jinsia nyingine ichukuliwe HML au HMR, hifadhi zake zilizo kimya. Spora ikiota, seli iliyokwisha kuzaa hubadili jinsia, jinsia hizo mbili hupandana, na koloni hugeuka diploidi. Mpango wako wa kupandisha umekwisha. Pima jinsia kwa PCR (kunakili kipande cha DNA) ya praima tatu, vipande vifupi vya kuanzishia: jozi-besi 404 ni α, 544 ni a, zikitokea zote ni a/α.

Otesha usiku kucha kwenye YPA (midia yenye asetati badala ya glukosi), osha vizuri, kisha hamishia kwenye asetati ya asilimia 2: mililita 10 katika chupa ya mililita 100, nyuzi 30, ikitikiswa kwa nguvu. Chupa ikijaa mmumunyo, hewa hupungua, na asetati haitumiki bila oksijeni. Mabaki ya glukosi nayo huiweka IME1 imezimwa.

Kero kubwa ni seli kugandamana. Usomaji wa OD (kukadiria wingi wa seli kwa mwanga) hudanganya na kuhesabu seli huwa kazi ngumu. EDTA kidogo, kemikali inayonasa kalsiamu, huzitenganisha. Pia mkusanyiko maarufu wa jeni zilizofutwa umejengwa juu ya uzao wa S288C, kwa hiyo kwenye SK1 jeni utazifuta mwenyewe.

Spora zisipotoka kabisa, pandikiza koloni kwenye midia ya gliserini. Lisipoota, mitokondria zake zimeharibika. Tupa, chukua jingine.