Hell's Gate kwa mtazama ndege: anza na mawe, bonde baadaye

Wengi huenda Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, kwa ajili ya bonde la Njorowa. Sisi tunaipima kwa ndege mmoja: Oenanthe schalowi, mla wadudu mdogo wa nyanda za juu zenye mawe, anayepatikana kusini-magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu. Kwa ndege, nyota 5. Kwa baiskeli za kukodi, 3.

Si lazima uende mbali. Kutoka lango la Elsa hadi Fischer's Tower, mnara wa mwamba uliosimama peke yake, ni kilomita chache tu. Kagua kila jiwe lililochomoza kwenye nyasi. Dume ana weusi wa kahawia, utosi uliopauka, na kiuno cha rangi ya chungwa hafifu. Hukaa juu ya jiwe, hurukia chini kunyakua siafu au mende, kisha hurudi palepale. Akiruka usimfukuze. Rudi nyuma hatua 20, tulia, atarejea mwenyewe. Kati ya Oktoba na Machi huja jamaa zake wahamiaji wanaowachanganya wengi, lakini hao kiuno ni cheupe. Basi subiri ageuke akuonyeshe mgongo. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, inatosha. Ya 10 hutikisika mkononi ukiwa bado unahema kwa kupiga pedali.

Fika lango linapofunguliwa. Kuanzia saa nne ardhi hupata joto, hewa huchezacheza juu ya mawe na rangi hupotea.

Kwenye kuta za miamba yupo mwingine, mkubwa kidogo: Thamnolaea cinnamomeiventris. Dume ni mweusi wa kung'aa mwenye tumbo la kahawia-nyekundu na doa jeupe begani. Akishatua huinua mkia polepole hadi juu ya mgongo, na kwa alama hiyo utamjua hata kivulini. Wapanda miamba wakiwa wengi Fischer's Tower, zunguka upande wa pili, waliko pimbi.

Baiskeli zina shida. Kabla ya kulipa bana breki zote mbili, zungusha magurudumu, jaribu gia kwa mita 50, kaza kiti. Miiba ya migunga hutoboa tairi, kwa hiyo omba pampu na viraka. Penye vumbi laini shuka usukume, kwani gurudumu la mbele huzama na kukuangusha. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si taslimu. Maliza ukiwa mjini, kwenye mtandao wa uhakika.

Bonde liko kama kilomita 8 ndani. Ukiona wingu zito upande wa vilima, usiingie hata kama jua linawaka ulipo: maji hutoka juu na hufika ghafla, na Septemba 2019 yaliua watu waliokuwa wakitembea humo. Ingia na mwongozaji, na akisema leo hapana, rudi kwenye mawe.