dvgrab na kanda za MiniDV: uzoefu wangu na taimukodi iliyokatika

Mama mmoja wa Tanga aliniletea kanda 9 za MiniDV (kanda ndogo za kamera za video) za harusi ya binti yake, ya Agosti 2006. "Mwanangu, humu mna marehemu mama yangu anaimba kwenye mkesha. Nitolee hata hicho kipande tu." Kanda ya mkesha ndiyo iliyonisumbua siku mbili nzima.

Programu niliyozoea kuhariria iliingiza dakika 23 vizuri, kisha ikasimama. Nikairudia mara tatu, pale pale. Mwishowe nikakodolea macho taimukodi kwenye kioo cha kamera, yaani namba za saa, dakika, sekunde na fremu (picha moja moja za video) zinazorekodiwa pamoja na video: 00:23:41:17, halafu vistari vitupu, halafu 00:00:00:00. Mpiga picha alikuwa ameirudisha kanda nyuma awaonyeshe watu, akaiacha ipite mwisho wa alichorekodi, akaendelea kupiga kwenye sehemu tupu. Kamera isipokuta namba ya kuendeleza huanza sifuri. Basi kanda moja ikawa na dakika ya tano mbili, na programu inayoiendesha kamera kwa kufuata namba hizo haiwezi kujua unataka ipi.

Nilizima uendeshaji wa kamera, nikabonyeza kitufe cha kucheza kwa mkono. Picha ziliingia zote, ila faili moja refu lisilo na alama yoyote. Kwa kanda 9 hiyo ni kazi ya kukesha.

Ndipo nikajaribu dvgrab. Ni programu ya bure ya Linux, haina dirisha wala vitufe. Unaandika amri tu, na kwa kamera kama hii kompyuta iwe na tundu la FireWire, la waya unaotoa video kwenye kamera. Niliandika hivi:

dvgrab --autosplit --timestamp --size 0 harusi-

--autosplit hufungua faili jipya kila rekodi mpya inapoanza, --timestamp huweka tarehe na saa ya kurekodi kwenye jina la faili. Hiyo --size 0 msiisahau, la sivyo inakata faili kila ikifika GB 1, yaani karibu kila dakika 5, maana DV, muundo wa video wa kanda hizi, hula takriban GB 13 kwa saa.

Ilipofika kwenye vile vistari haikukwama. Ilifunga faili, ikafungua jingine. Na kilichonifurahisha kuliko vyote ni majina ya mafaili. DV huhifadhi tarehe na saa ya kurekodi kando kabisa na taimukodi, kwa hiyo hata namba zikianza upya mara nne, saa haijirudii. Nilipoona harusi-2006.08.18_21-14-07.dv nilijua hapo ni saa tatu usiku, mkesha wenyewe. Nikalifungua, bibi yupo, kanga begani, anaimba.

Mara ya kwanza ilinionya kuhusu fremu zilizoharibika. Nilipitisha kanda ya kusafishia hedi (kichwa cha kamera kinachosoma kanda) kwa sekunde 10, nikaipeleka kanda ya mkesha mbele mpaka mwisho na kuirudisha yote, maonyo yakabaki mawili. Fanyeni hivyo kabla ya kulaumu programu. Uchafu nao hukatisha taimukodi.

Kwa kanda zenye namba zilizovurugika sijaona kinachoifikia dvgrab. Kama hukuzoea kuandika amri, siku ya kwanza itakuchosha.

Kanda mbili za mwisho zilipigwa na kamera nyingine ambayo saa yake haikuwahi kuwekwa, hivyo mafaili yake hayana tarehe. Hizo nilizipanga kwa mkono, mama mwenyewe kakaa pembeni yangu akinitajia nani aliingia ukumbini kwanza.