Kozi ya takwimu mtandaoni: vikundi vizuri, mwalimu haba

Nilijiunga na kozi hii ya wiki 8 nikitarajia upweke niliouzoea: video, maswali ya kuchagua, kisha cheti. Wiki ya kwanza haikunibadilisha mawazo, kwani zaidi ya watu 100 tulijitambulisha katika uzi mmoja na salamu zetu zikapitana kama abiria kituoni.

Mambo yaligeuka tulipogawanywa katika vikundi vya watu 6 ambavyo havikubadilishwa hadi mwisho. Jukwaa la majadiliano, ambalo liliendeshwa kwa Moodle (programu ya kuendeshea kozi mtandaoni), lilipangwa ili mtu asione majibu ya wenzake kabla hajaandika la kwake, na kwa mpango huo zile “naunga mkono hoja” tupu (ambazo hata mimi nimewahi kuziandika) zilikoma. Nilipokwama katika kukokotoa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), mwenzangu alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, wenye makosa aliyoyakata kwa kalamu nyekundu, nami nikaelewa upesi kuliko nilivyoelewa kwa video.

Mwaka 2000, watafiti Garrison, Anderson na Archer walibainisha aina 3 za uwepo katika jumuiya ya kujifunza: uwepo wa kijamii (washiriki kujitokeza kama watu halisi), wa kiakili (kujenga maana pamoja) na wa ufundishaji (kupanga na kuongoza masomo). Hapa uliopwaya ni huo wa tatu. Mwalimu alijibu baada ya siku 4, na katika wiki ya 5 hakuonekana kabisa. Kikundi chetu kilijikongoja, lakini viwili vilinyamaza moja kwa moja. Ningejiandikisha tena, iwapo tu kila kikundi kingepewa msaidizi wake.